Mafunzo Niliyopata kwa Kuipenda Tekno Nikiwa Kasese na Bwera

Ninakodisha mitambo ya muziki. Harusi, misiba, mikutano ya injili, kampeni za siasa, fainali za mpira: ukikuta spika nyeusi zimepangwa chini ya turubai mahali popote kati ya mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, na mpaka wa Mpondwe, huenda ni zangu. Kazi hii imenilisha kila aina ya muziki unaopendwa huku kwetu. Kuna nyimbo za Kampala, rege, bongo fleva, kwaya, na zaidi ya zote muziki wa Kongo, maana Bwera ya kwetu na Kasindi ya Kongo zinatenganishwa na mto Lhubiriha tu. Lakini muziki ninaoupigia debe siku hizi ni tekno ya minimali, yaani tekno iliyopunguzwa mpaka ikabaki na vitu vichache. Kila ninapoupiga kuna mtu ananifuata kuniuliza nimeona nini ndani yake. Nimeamua kujibu kwa maandishi.

1. Uchache wake ndio utamu wake

Tekno ilizaliwa Detroit, Marekani, miaka ya 1980, mikononi mwa vijana weusi watatu waliosoma shule moja: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Ilipovuka bahari kwenda Ulaya ilinenepa. Kasi ikapanda, sauti zikarundikwa juu ya sauti. Mwaka 1994 Robert Hood, naye mtu wa Detroit, aliyewahi kuwa katika kundi la Underground Resistance pamoja na Jeff Mills na Mike Banks, akatoa kazi aliyoiita Minimal Nation. Alibakiza ngoma nzito, matoazi na vipande vifupi vya kinanda, basi.

Watu wengi wakiusikia muziki wa namna hii mara ya kwanza huuliza wimbo utaanza lini. Wimbo umekwisha kuanza. Dakika nzima ya mwanzo huenda ikawa ni ngoma nzito peke yake, mapigo manne kwa kila duru, kama 125 au 130 kwa dakika. Kisha matoazi yanaingia katikati ya mapigo. Baadaye inakuja noti moja iliyofifia, inayorudiwa bila kubadilika, na mpigaji anaifungua polepole kwa kitufe kimoja, kama redio ya jirani mlango unapofunguliwa taratibu. Ukiingoja noti hiyo ifunguke yote, mwili umekwisha kushika mwendo bila kuamriwa na mtu. Dakika nane zinapita na hukuona zilikokwenda.

Huo ndio mvuto wenyewe. Muziki uliojaa kila kitu humfanyia msikilizaji kazi yote. Huu unamwachia nafasi, na sikio likipewa nafasi huanza kutafuta. Badiliko dogo kabisa, toazi moja kuondolewa, linasikika kama habari kubwa.

2. Ndugu yake wa karibu yuko mlimani hapa

Wanaosema tekno ni ya wazungu ninawaalika waende kwenye sherehe yenye endara.

Endara ni marimba ya Wakonzo, watu wa milima ya Rwenzori. Migomba miwili iliyokatwa hulazwa chini, na vipande vya mbao vinapangwa juu yake kuanzia kirefu chenye sauti nzito hadi kifupi chenye sauti kali. Vijiti huchomekwa kwenye migomba ili mbao zisihame. Wapigaji wanakaa pande zote mbili, wakitazamana, na kila mmoja ana kipande chake kifupi anachokirudia. Hakuna anayepiga wimbo mzima. Wimbo uko kati yao. Wakonzo wana pia eluma, filimbi ambazo kila moja hutoa noti moja tu: mwenye noti yake anangoja zamu, anaipuliza, ananyamaza, na mwenzake anajibu. Ukimwondoa mtu mmoja, pengo linasikika mara moja.

Jamii nyingine za Uganda zina jambo hilo hilo. Amadinda ya Buganda ina mbao 12 na wapigaji watatu. Wawili wa kwanza wanapachika, kila mmoja, mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, kwa kasi inayomshangaza mgeni. Mwaustria Gerhard Kubik alifika Uganda mwaka 1959 akajifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda, gwiji wa muziki wa Buganda. Kubik akaandika jambo ambalo mpenzi yeyote wa tekno analijua mwilini: kuna miondoko ambayo msikilizaji anaisikia wazi kabisa, ilhali hakuna mpigaji hata mmoja anayeipiga. Inazaliwa sikioni pale sehemu mbili zinapofumana.

Sasa njoo kwenye mashine. Mashine ya ngoma kama Roland TR-909, iliyotengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, inagawa duru katika hatua 16. Chukua mzunguko wa hatua 16, weka juu yake mwingine wa hatua 12. Itabidi zipite hatua 48 kabla ya hiyo miwili kukutana tena mwanzoni. Katikati ya safari hiyo sikio linasikia miondoko ambayo hukuiweka. Hawa wa Detroit na wa Ulaya wamefika kwa umeme mahali ambapo wazee wetu walifika kwa mbao na migomba. Sisemi walituibia. Nasema mtoto aliyekua karibu na endara ana haki ya kuingia kwenye muziki huu bila kubisha hodi.

Nimejaribu kuviweka pamoja. Nilirekodi endara kwa simu katika sherehe moja ya kijijini, nikaweka ngoma nzito chini yake. Mambo mawili yalijitokeza haraka. La kwanza ni kwamba wapigaji wa endara wanaongeza mwendo kidogo kidogo kadiri wachezaji wanavyochangamka, na mashine haijui uchangamfu. Basi mashine ndiyo niliyoilazimisha iwafuate, nikisogeza kasi yake duru baada ya duru, kazi ya usiku kucha kwenye laptopu. La pili ni kwamba mbao za endara hazikutuniwa kwa kinanda cha kizungu, kwa hiyo kinanda nilikiweka kando. Endara yenyewe ikawa kinanda, nayo ilitosha.

Nilimvisha hedifoni mmoja wa wale wapigaji, mzee ambaye mkono wake ulikuwa umejaa sugu za fimbo za endara. Akasikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akaniambia kwamba ngoma yangu inasema peke yake, haina wa kuijibu. Nikaongeza pigo moja dogo, kavu, nje ya mapigo makuu. Sijapata kupewa somo bora la utayarishaji wa muziki kuliko hilo.

3. Bwera waliielewa kupitia sebene

Mjini Kasese, kwenye baa, tekno ilipata ugumu. Bwera haikupata, na nadhani sababu ni Kongo.

Wimbo wa Kongo wa zamani una sehemu mbili. Kwanza mwimbaji anaeleza mambo yake ya mapenzi, pole pole, watu wakimalizia chakula. Kisha magitaa yanashika na viti vinabaki vitupu. Hiyo ndiyo sebene. Gitaa la solo, mi-solo na rithimu, kila moja na kipande chake kifupi kinachozunguka, besi ikisukuma chini. Katika nyimbo ndefu za Franco na TPOK Jazz sebene inaweza kuzidi maneno kwa urefu, na hakuna anayelalamika kwamba hakuna jipya. Watu wanataka iendelee.

Kwa hiyo siku za soko, wafanyabiashara wa Kasindi, Beni na Butembo wanapobaki upande wetu mpaka usiku, naanza na sebene. Naiacha izunguke. Kisha napunguza sauti za juu kwenye miksa, magitaa yanafifia, inabaki besi na ngoma. Hapo naingiza ngoma nzito ya tekno kwa kasi ile ile. Baada ya muda besi ya Kongo nayo inaondoka. Sakafu haitetereki. Wapo wanaoniambia baadaye kwamba hawakujua wimbo ulibadilika.

Kitu kimoja kilinifurahisha sana. Katika muziki wa Kongo kuna atalaku, yule anayepaza sauti kuwachochea wachezaji. Tekno haina atalaku. Bwera walimleta wao. Kijana mmoja alijitwika kazi hiyo, akitupa maneno kwa Kiswahili cha Kongo katikati ya mapigo, na ule unyamavu wa tekno ukampa uwanja mpana kuliko wimbo wowote. Huko Ulaya labda wangemwomba anyamaze. Mimi nilimpa kipaza sauti.

4. Muziki mtupu hauna pa kuficha uchafu

Hili ni la mafundi wenzangu, mnisamehe wengine.

Ukipiga muziki wa Kongo kwa mitambo yenye mngurumo, hakuna atakayejua. Magitaa, kelele na sauti za waimbaji zinaufunika. Ukipiga tekno ya minimali kwa mitambo ile ile, mngurumo unageuka kuwa chombo kimojawapo. Mngurumo huo unatoka kwenye umeme, na umeme wa Uganda unakwenda kwa herzi 50, na jenereta zetu vivyo hivyo. Ngoma nzito ya tekno nayo inakaa jirani, herzi 50 au 60. Vikipigana hapo chini, pigo linapoteza ncha yake na linakuwa tope.

Basi chukua umeme wa mitambo yote kutoka sehemu moja. Usilaze waya wa sauti sambamba na waya wa umeme. Zikilazimika kukutana, zivukane. Tumia nyaya za pini tatu kwa masafa marefu. Besi zote ziweke chini na ziwe pamoja, usizitawanye huku na huku, maana zikitawanyika zinafutana na utakuta mahali pengine uwanjani hakuna besi kabisa. Jenereta ipeleke mbali kadiri waya unavyoruhusu. Na sauti usiifungulie mpaka mwisho. Nimeona madijei wakidhani watu hawachezi kwa sababu sauti ni ndogo, kumbe hawachezi kwa sababu sauti imechafuka.

Tangu nianze kuusikiliza muziki huu hata kwaya za kanisani zinanisifia mitambo.

5. Mahali ambapo maneno ni mazito, muziki bila maneno ni pumziko

Wilaya yetu ina historia ya nyimbo zenye uzito. Vuguvugu la Rwenzururu, la Wakonzo na Waamba waliopinga utawala wa Toro, lililoanza mwaka 1962 liliimba malalamiko yake, na watafiti Peter Cooke na Martin Doornbos wakaandika kuhusu nyimbo hizo za upinzani. Mpaka leo mtu wa Kasese anajua kwamba wimbo unaweza kuwa na upande. Novemba 2016, baada ya mapigano kati ya vikosi vya serikali na walinzi wa mfalme wa Rwenzururu, tulizika watu wengi. Baada ya hapo kuna nyimbo ambazo fundi wa mitambo anafikiria mara mbili kabla ya kuzipiga, kutegemea nani kaalikwa.

Siwezi kudai kwamba ngoma ya tekno inapatanisha watu. Ninachoweza kusema ni nilichokiona. Chini ya turubai moja walikuwepo wanaosema Lhukonzo, Rutooro, Kinande, Luganda na Kiswahili, na hakuna aliyengoja zamu ya wimbo wake. Hakukuwa na jina la ukoo, la chama wala la mfalme. Katika nchi ambako hata wimbo wa harusi unaweza kusomwa kisiasa, mtu kupumzika kwa saa mbili si jambo dogo.

6. Mji wa mgodi una sikio la mashine

Nitasema kwa kifupi. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mgodi ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni nazo hazifiki tena. Detroit nayo ilijengwa na viwanda vya magari, kisha ikaachwa. Mwaka 1950 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, mwaka 1990 walikuwa kama milioni moja. Tekno ilitoka kwa watoto wa mji huo, si kwa watoto wa matajiri wa Ulaya. Wazee waliofanya kazi Kilembe wanaposikia ngoma yangu, baadhi yao hutikisa kichwa kwa kuridhika kabla ya vijana. Waliishi na mashine inayorudia.

7. Umaarufu wake haupiti redioni

Redio za huku hazipigi tekno ya minimali, nami sitegemei zianze. Wimbo wa dakika tisa bila mwimbaji hauna pa kuweka tangazo.

Njia zake ni nyingine. Machi 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilifunga baa na kumbi za starehe, na hazikufunguliwa mpaka Januari 2022. Mei 2020 mto Nyamwamba ukafurika na kubomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Kwa mtu wa kazi yangu zilikuwa siku za kukaa bila kazi. Ndipo nilipoanza kusikiliza kwa hedifoni, muziki mrefu usiodai kitu, mzuri kwa mtu anayetengeneza spika mbovu usiku. Nikagundua kwamba si mimi peke yangu. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa nao kwenye simu. Wanafunzi waliorudi kutoka Kampala walikuwa nao. Wale vijana wa Bwera wanaokaa chini ya mwavuli na laptopu, wakiwapakia watu nyimbo kwenye memori kadi na fulashi, walianza kuwa na folda moja yake, katikati ya injili na filamu zilizotafsiriwa. Folda ikikaa kwenye laptopu ya biashara maana yake ina wateja. Kijana wa mwavuli hahifadhi kisichouzika.

Kampala na Jinja ndiko mbegu ilikotoka. Tamasha la Nyege Nyege lilianza mwaka 2015 kando ya mto Nile huko Jinja, likianzishwa na Derek Debru na Arlen Dilsizian. Limewahi kutishiwa kufungiwa na serikali mwaka 2018, na bunge likalikataa mwaka 2022 kabla ya kuruhusiwa kwa masharti. Lebo zake, Nyege Nyege Tapes na Hakuna Kulala, zimewapeleka wasanii wa Afrika Mashariki kwenye kumbi za dunia. Rey Sapienz, mtu wa mashariki ya Kongo aliyeweka makao Kampala, alitoa mwaka 2021 albamu Na Zala Zala akiwa na The Congo Techno Ensemble. Kundi la Nihiloxica limefunganisha ngoma za Buganda na sinthesaiza. Dar es Salaam studio ya Sisso imeipeleka singeli, muziki wa huko, mbele kwa mapigo yanayopita 200 kwa dakika, ambayo kwa kasi ni kinyume kabisa cha muziki ninaousema, ingawa nayo inajengwa kwa vipande vichache vinavyozungushwa.

Ninayemheshimu kuliko wote ni Brian Bamanya, anayejiita Afrorack. Sinthesaiza za moduli zina bei ambayo mtu wa kawaida Uganda haigusi. Yeye akajifunza kuziunda mwenyewe kwa vipuri vya elektroniki, waya kwa waya, mpaka akapata ukuta wa mashine zinazoimba. Albamu yake ilitoka mwaka 2022. Kijana wa Kasese anayejua kutengeneza redio yuko karibu na kazi hiyo kuliko anavyodhani.

Ujerumani, ambako tekno ya minimali ilistawi kupitia watu kama Moritz von Oswald na Mark Ernestus wa Basic Channel, Machi 2024 iliuingiza utamaduni wa tekno wa Berlin katika orodha yake ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Ernestus mwenyewe amekwenda Senegali kurekodi na wapiga sabar. Wao wanakuja kutafuta ngoma zetu, na sisi bado tunaona haya kuziweka kwenye laptopu.

8. Kinachohitajika sasa ni kurekodi

Wapigaji wa endara ninaowajua ni wazee. Watoto wao wako boda boda, mpakani na Kampala. Migomba na mbao vinapatikana kila mahali. Kinachopungua ni watu wanne au sita wanaojua kukaa pamoja na kuachiana nafasi. Ninawaomba wenye studio Kasese, wanaorekodi injili na matangazo kila siku, watenge siku moja ya mwezi kwa ajili ya endara na eluma. Muweke kipaza sauti kimoja kwa kila upande, na kingine kwa ngoma, ili sehemu ziweze kutenganishwa baadaye. Muandike majina ya wapigaji. Muwalipe siku hiyo hiyo, tena mkubaliane nao kwa maandishi watapata nini rekodi ikiuzwa au ikitumiwa na mtu mwingine. Kwa usafiri wa mitambo msihangaike, spika na nyaya zangu zipo, na kwa kazi hiyo sitoi ankara.

Na wewe kijana wa Bwera mwenye simu na hedifoni, kabla hujapakua ngoma iliyotengenezwa Ulaya, panda mlimani ukarekodi ya kwenu.